Bafle Ilianza kwa Ubao

Ukitaja bafle Mpofi, au popote katika Masisi na Walikale, mtu anaona sanduku: lile linalosimama kando ya kwaya siku ya Jumapili. Neno tumelipata kwa Kifaransa, lakini maana yake ya kwanza si sanduku, ni kizuizi. Ulikuwa ubao uliotobolewa tundu na kufungwa spika, basi. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoeleza mwaka 1925 spika ya koili na koni tunayoitumia mpaka leo, ubao ulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Leo mafundi wengi wameurudia, na palipo na msitu wa mbao kama kwetu, huhitaji kufika Goma kuutafuta. Ila ubao una deni, na mlipaji wa deni hilo ni wufa, yaani spika ya besi.

Deni lenyewe ni hili. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Sauti mbili hizo zikikutana ukingoni mwa ubao, zinafutana. Sauti nyembamba haziathiriki sana, maana mawimbi yake ni mafupi. Wimbi la besi ya hezi 60 lina urefu unaokaribia mita 6, nalo linauzunguka ubao wa nusu mita kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Kwa ubao wa upana wa sentimita 50, hasara huanza karibu na hezi 230. Kutoka hapo, kila hezi zikipungua nusu, desibeli 6 zinakwenda: kwenye hezi 115 umepoteza 6, kwenye 58 umepoteza 12.

Ndiyo maana spika moja ya sauti zote, hata iwe nzuri namna gani, huimba vizuri sauti za akina mama na gitaa la solo, kisha besi ikafifia. Fundi anaongeza wufa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachagua yenye sumaku kubwa kuliko zote. Sumaku kubwa ni breki. Ndani ya sanduku breki hiyo inafaa, kwa kuwa hewa iliyofungwa inasaidia kuibeba besi. Kwenye ubao inaikaba koni mapema, na besi inakwisha kabla ya kufika chini. Kipimo chake huandikwa Qts, na breki ikizidi namba hushuka. Wufa nyingi za muziki wa jukwaani zina 0.3 au 0.4, ubao unapenda 0.7 au zaidi kidogo. Wufa za gari zenye koni nzito nazo zilitengenezewa sanduku, tena ni nzito kuamka.

Jambo la pili ni wepesi, yaani desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Tuseme spika ya sauti zote ni ya inchi 8, omu 8, desibeli 90. Ukiiwekea wufa ya desibeli 90, umekwisha kushindwa, kwa sababu ubao utazila. Chukua wufa mbili za omu 8, kila moja desibeli 93, uziunge sambamba. Kwa volti zilezile zinatoa 99, na ampli inaona omu 4. Sasa una desibeli 9 za kulipia deni.

Unalipa kwa koili moja kwenye waya wa wufa. Koili ya milihenri 8, kwenye omu 4, huanza kupunguza sauti karibu na hezi 80, desibeli 6 kila hezi zikizidi mara mbili. Zikifika 230 imepunguza 9. Ubao nao unafanya kinyume chake: unakula 9 kwenye 80, na kwenye 230 hauli kitu. Hasara mbili zinapishana, na besi inanyooka kwenye desibeli 90, sawa na mwenzake. Spika ya sauti zote ipe kapasita isiyo na chanya wala hasi, ya mikrofaradi 86 hivi, ili besi isiichoshe.

Ukubwa wa koni nao usiusahau. Ndani ya sanduku, kushuka hadi nusu ya hezi kunadai koni itembee mara nne zaidi. Kwenye ubao ni mara nane. Wufa ya inchi 15 ina eneo linalokaribia mara nne ya ile ya inchi 8, kwa hiyo haihitaji kuruka sana. Hilo ni muhimu kwa anayetegemea sola: ampli ya redio ya gari kwenye betri ya volti 12 hutoa wati 20 hivi za kweli kwa kila upande, hata ikiandikwa 50.

Simamisha ubao mita moja mbele ya ukuta. Pembeni mwake sauti ni ndogo, na chini ya bati la kanisa hiyo ni faida, maana mngurumo unapungua. Uwanjani kwenye harusi, chukua sanduku.

Hesabu hizi ni za kuanzia, kwa sababu omu za spika hupanda na kushuka. Ukimaliza kuunga, piga wimbo wenye besi, kisha geuza nyaya za wufa na upige tena. Upande ambao sauti ya kati imejaa zaidi ndio wa kuacha. Baada ya hapo unaweza kuufunga ubao kwa misumari.