Kisogo cha Shoka si Nyundo

Katika toleo hili tunaeleza jambo linaloonekana dogo, lakini linalogharimu fedha za vikundi na linaloweza kugharimu hata jicho la mtu.

Tulipokagua vifaa vya kikundi kimoja cha miti wilayani Kyerwa, tulikuta mashoka sita ya dukani. Makali yote yalikuwa mazuri. Lakini manne yalikuwa yameharibika kisogoni, yaani upande wa nyuma usio na makali. Chuma kilikuwa kimetanuka pembeni kama uyoga, na mawili kati ya hayo yalikuwa na ufa kwenye tundu la mpini. Wanakikundi walidhani wameuziwa chuma kibovu. Haikuwa hivyo. Walikuwa wakigongea kabari za chuma kwa kisogo walipopasua magogo ya mikaratusi.

Kwa nini kisogo huharibika? Makali ya shoka hutiwa matiko: chuma hupashwa moto hadi kiwe chekundu, huchovywa ghafla ili kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili kisivunjike upesi. Kisogo kwa kawaida hakitiwi matiko. Kazi yake ni kuongeza uzito nyuma ya makali. Mashoka mengi ya zamani ya Ulaya na Marekani yalifuliwa kwa chuma laini, na kipande cha chuma cha pua kikaunganishwa kwenye makali tu.

Kwa hiyo kisogo kikigonga chuma, hubonyea. Kuta za tundu la mpini nazo ni nyembamba. Hutanuka, mpini hulegea, na kichwa kinaweza kuchomoka. Hatari kubwa zaidi ni zile kingo za uyoga. Hukatika, na vipande huruka kwa kasi usoni mwa anayegonga au anayesimama karibu.

Wengine huuliza: je, tukipeleke kisogo kwa fundi akitie matiko? Hatushauri. Kichwa kizima kikipashwa moto, makali hupoteza matiko yake. Na chuma kigumu mno kikigonga chuma kigumu, vyote huweza kutoa vipande. Yapo mashoka machache yenye kisogo kigumu tangu kiwandani, lakini si ya kawaida.

Ujuzi wa chuma si mgeni kwetu. Nyundo na fuawe za chuma zilikuwa miongoni mwa vifaa vya kifalme vya Karagwe, nchi ambayo Mfalme Rumanyika alimpokea Speke mwaka 1861. Shoka la kienyeji la mhunzi lina mkia uliochomekwa kwenye kichwa cha mpini. Halina kisogo cha kugongea. Anayelitumia hutafuta rungu.

Tunashauri kamati za sharika zifanye yafuatayo:

1. Kabari ya chuma igongwe kwa nyundo kubwa. Kisogo kinaweza kugonga kabari ya mti tu.
2. Kingo zilizotanuka ziondolewe kwa tupa. Mashine ya kunolea ikitumika, chuma kipozwe kwa maji mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya bluu, matiko yameharibika.
3. Shoka lenye ufa kwenye tundu lisitumike tena.
4. Kabla ya kununua shoka kuukuu, pitisha tupa. Ikiteleza kwenye makali, chuma ni kigumu. Ikikwangua kisogo kwa urahisi, ni laini, na hiyo si kasoro.

Kwa wafadhili wetu tuna neno moja. Bajeti ya kikundi kile niliiandika mimi: mashoka sita, bila nyundo wala kabari. Wanakikundi walifanya kazi kwa kile tulichowapa. Nyundo moja na kabari mbili zingeyaokoa yale manne. Tangu sasa, tukiomba shoka la kupasulia, tutaomba na nyundo yake.