Programu Katika Somo la Jiometri

Mwaka 1967, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walishirikiana na wenzao kubuni lugha ya programu iitwayo Logo. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine. Logo ilikusudiwa watoto. Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa amewahi kufanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu wa ukuaji wa akili ya mtoto.

Katika Logo mwanafunzi humwongoza "kobe". Hapo awali kobe huyo alikuwa mashine ndogo iliyotambaa sakafuni. Baadaye akawa alama kwenye kioo cha kompyuta. Hupewa maagizo mafupi, kama vile nenda mbele, geuka kulia, rudia. Apitapo huacha mstari.

Tuseme mwanafunzi anataka kuchora pembetatu yenye pande zilizo sawa. Akikumbuka kwamba kila pembe ya ndani ni nyuzi 60, huagiza hivi: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 60, rudia mara 3. Kobe hajui makusudio. Hutii maagizo tu. Badala ya pembetatu, huchora nusu ya umbo la pembe sita. Ndipo mwanafunzi hutambua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani 180 kutoa 60, ambayo ni nyuzi 120. Akijaribu mraba kwa nyuzi 90, na pembe sita kwa nyuzi 60, huona kwamba katika maumbo yote hayo jumla ya mageuko ni nyuzi 360. Kanuni ambayo angeikariri ameigundua mwenyewe.

Hapa programu haikuwa somo jipya, bali ilitumikia somo lililokuwapo. Masomo mengine nayo yana nafasi hiyo. Katika kemia, uchunguzi wa chumvi isiyojulikana ni mfuatano wa hatua na masharti: mashapo yakitokea, fuata njia hii, yasipotokea, fuata ile. Katika biolojia, ufunguo wa kutambulisha viumbe huuliza swali lenye majibu mawili, na kila jibu huelekeza kwenye swali jingine au kwenye jina la kiumbe.

Shule isiyo na kompyuta haina haja ya kungoja. Mwanafunzi mmoja aandike maagizo, na mwenzake ayatekeleze sakafuni kwa chaki, rula na kipimapembe. Mtekelezaji asikisie wala asirekebishe chochote, kwani binadamu hupenda kujaza yaliyosahauliwa. Mchoro ukiharibika, mwalimu asiufute. Awaulize ni agizo lipi lililoleta dosari. Mwanafunzi anayeadhibiwa kwa kila kosa hujifunza kulificha. Anayefundishwa kulitafuta hujifunza kulisahihisha, na huo ndio msingi wa kutunga programu.