Mwaka wa Mwezi na Mwaka wa Jua

Kalenda ya Hijria huhesabu mwezi peke yake. Jua halina sehemu katika hesabu hiyo. Mwezi mpya huingia hilali inapoonekana upande wa magharibi baada ya magharibi kuingia, na humalizika hilali nyingine inapoandama. Kati ya mwandamo na mwandamo hupita wastani wa siku 29 na nusu na ushei, ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, basi. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo hutimiza mwaka wa siku 354, au 355 mara nyingine.

Kalenda ya Miladia, ile ya maofisini na shuleni, hufuata jua. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo siku, na robo hiyo imewasumbua watu kwa karne nyingi. Julius Caesar aliagiza iongezwe siku moja kila baada ya miaka minne, lakini nyongeza hiyo ilizidi kidogo, na kufikia karne ya 16 kalenda ilikuwa imeachana na majira kwa siku kumi. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliamuru siku inayofuata Oktoba 4 iitwe Oktoba 15. Tangu hapo mwaka unaofunga karne hauongezwi siku ila ukigawanyika kwa 400: mwaka 2000 uliongezwa, 1900 haukuongezwa. Uingereza iliikubali kalenda hiyo mwaka 1752, na Urusi ikangoja hadi 1918.

Waarabu wa kabla ya Uislamu nao walijua kwamba miezi ya mwandamo huyakimbia majira, na walikuwa wakiongeza mwezi wa kumi na tatu mara kwa mara ili kuirudisha mahali pake. Kurani, katika sura ya Tawba, ilikataza uchezeaji huo wa miezi. Kwa hiyo kutangatanga kwa mwaka wa Kiislamu si dosari ya hesabu iliyosubiri kusahihishwa. Ni jambo lililokusudiwa. Miaka yenyewe ilianza kuhesabiwa zama za Khalifa Umar bin Khattab, miaka 17 hivi baada ya Mtume kuhama Makka kwenda Madina mwaka 622. Mtume aliwasili Madina katika Rabiul Awwal, lakini mwaka uliachwa uanze Muharram kama Waarabu walivyozoea.

Tofauti ya siku kumi na moja kila mwaka huzaa mengi. Ramadhani hurudi nyuma na kuyazunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Dar es Salaam, ambako mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hupishana kwa chini ya saa moja, mfungaji haoni tofauti kubwa ila ya joto na mvua. London ni habari nyingine: Ramadhani ya Juni hudai saumu ya zaidi ya saa 18, ya Desemba saa kumi hivi. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Mkulima na baharia hawawezi kutegemea mwaka wa namna hii, kwani pepo za kaskazi na kusi hazifuati mwezi. Waswahili wa pwani walilitatua hilo kwa kuwa na hesabu mbili. Ya ibada walianza kuitaja kutoka Idi, wakiuita Shawwal Mfungo Mosi na kuendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Maulidi huwa Mfungo Sita. Ya kilimo na safari ilikuwa ya jua, ikianzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, ni masalia yake.

Siku nayo haianzi pamoja. Ya Miladia huanza saa sita usiku, ya Hijria jua linapotua. Ndiyo maana Alhamisi jioni ni usiku wa Ijumaa, na tarawehe husaliwa kabla ya saumu ya kwanza.

Linalogombanisha watu hasa ni mwandamo. Wako wanaotaka mwezi uonekane kwao, wako wanaokubali habari kutoka nchi yoyote, na matokeo yake mtaa mmoja unaweza kusali Idi siku mbili. Saudi Arabia, kwa shughuli za kiserikali, kwa muda mrefu ilitumia kalenda ya Ummul Qura iliyopangwa mapema kwa hesabu za falaki. Hata hivyo mwaka 2016 ilihamishia mishahara ya watumishi wa umma kwenye kalenda ya Miladia, na watumishi wakajikuta wakifanya kazi siku kumi na moja zaidi kwa malipo yaleyale ya mwaka.

Anayetaka kugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia auzidishe kwa 0.97, kisha ajumlishe 622. Mwaka 1400 hutoa 1980. Jibu ni la kukadiria, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida huangukia miaka miwili ya Miladia. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi, namba za Hijria zinazikaribia za Miladia polepole. Zitalingana karibu na mwaka 20874.