Njaa na Kiu ya Haki: Heri ya Nne Ikisomwa Mutomo

Utangulizi

Miongoni mwa heri zinazotajwa mwanzoni mwa sura ya tano ya Injili ya Mathayo, ya nne ndiyo inayotumia lugha ya tumbo na koo. Wanaoitwa wenye heri hapo ni watu walioshikwa na njaa na kiu, ila wanachokitamani si mkate wala maji bali haki; nao wanaahidiwa kwamba watashiba. Wahubiri wengi huipita heri hii kwa haraka. Husema kwamba njaa na kiu ni sitiari ya shauku, kisha huendelea na mambo ya shauku yenyewe. Pengine msikilizaji wa mjini, ambaye maji humfikia kwa mfereji, haoni upungufu katika maelezo hayo. Aliyeshiba, walisema wahenga, hamjui mwenye njaa.

Mutomo hali ni nyingine. Mji huu mdogo uko kusini mwa Kaunti ya Kitui, katika nyanda kavu zinazoelekea Mto Athi na Mbuga ya Tsavo Mashariki. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo la mkulima, kwani ile ya Machi hadi Mei mara nyingi huja haba au isije kabisa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika na maeneo kame ya Kenya, na Ukambani haukusazwa. Mkristo wa Mutomo aliyeisikia heri ya nne ikisomwa kanisani katika kipindi hicho hakuwa na haja ya kufafanuliwa kiu ni nini. Swali lililomkabili lilikuwa gumu zaidi: je, mtu mwenye njaa ya chakula huweza kuona njaa ya haki wakati uo huo, au njaa moja huila nyingine?

Makala haya yanalifuata swali hilo kupitia lugha mbili ambazo Mkristo huyo huzitumia kila siku, yaani Kiswahili na Kikamba. Kila moja kati ya lugha hizi inaona jambo ambalo mwenzake amelifumbia macho.

Neno "haki" na mzigo wake

Kiswahili kimelipokea neno haki kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba maana za ukweli, stahili na jambo lililothibiti. Ndiyo sababu hakika na hakiki ni ndugu zake. (Hakimu na mahakama, ijapokuwa masikio ya wengi huyaweka katika ukoo huohuo, yametoka katika mzizi mwingine.) Katika matumizi ya kawaida ya Mswahili, haki kwanza ni kitu ambacho mtu anastahili kupewa. Mtu hudai haki yake, hunyimwa haki yake, au hulaumiwa kwa kula haki ya yatima. Hata anayeapa kwa kusema "haki ya Mungu" hudokeza kwamba ipo stahili ambayo Mungu ndiye shahidi wake.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyo maarufu kwa jina la Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, walilichukua neno hili na kulitwika mzigo mwingine. Kwao haki ilikuwa pia sifa ya moyo na mwenendo wa mtu mbele ya Mungu, ile ambayo nje ya kanisa tungeiita unyofu au uadilifu. Hivyo "mwenye haki" wa kanisani ni mtu mwema, ilhali "mwenye haki" wa baraza la chifu ni mtu ambaye shamba linalogombewa ni lake. Biblia ya Habari Njema, iliyochapishwa katika miaka ya 1990, ilijaribu kuondoa utata huo katika heri ya nne kwa kuzungumzia hamu ya kutenda yale Mungu ayatakayo. Tafsiri hiyo inaeleweka upesi, lakini kuna kitu imekipoteza njiani. Neno la Kigiriki lililofasiriwa, dikaiosune, nalo lilikuwa limebeba mizigo yote miwili, unyofu wa mtu na haki baina ya watu. Utata wa "haki" basi si kosa la wafasiri wa kale. Ni uaminifu, hata kama ulipatikana kwa bahati.

Hatari yake, hata hivyo, ipo. Nchini Kenya sauti ya "haki yetu" imesikika barabarani mara nyingi, hususan baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na waliokuwa wakiipaza walikuwa na madai ya kweli. Anayetoka katika mandamano hayo na kuingia kanisani anaweza kudhani kwamba kiu ya haki ni kiu ya kupewa chake. Injili haimfukuzi mtu huyo, ila inamwongezea swali: haki ya jirani yako nayo umeionea kiu?

Kikamba kinalikata shauri hili kwa namna yake. Neno lake la kanisani ni ũlũngalu, ambalo limetokana na dhana ya kunyooka. Mũlũngalu ni mtu aliyenyooka, kama inavyonyooka njia au fimbo. Hapa hakuna harufu ya madai wala ya mahakama. Mkamba asomaye heri ya nne kwa lugha ya mama anatamani kunyooka. Asomapo kwa Kiswahili anatamani pia kuona mambo yakinyooshwa. Ni jambo la kheri kwamba wengi huzisoma zote mbili.

Nzaa na yũa

Kuhusu njaa mambo yanageuka. Kiswahili ndicho chenye neno moja, na Kikamba ndicho chenye mawili. Mswahili husema njaa akimaanisha uchungu wa tumbo la mtu mmoja kabla ya chakula cha mchana, na husema njaa vilevile akimaanisha baa linaloiangukia nchi. Mkamba hawezi kuyachanganya hayo. Ile ya kwanza ni nzaa. Ya pili ni yũa, nayo hupewa jina lake na kukumbukwa kizazi baada ya kizazi, kama watu wa kwingine wakumbukavyo vita.

Baa la mwishoni mwa karne ya 19, lililofika kilele chake katika miaka ya 1898 na 1899, liliitwa Ngomanisye, jina linaloashiria kwamba lilienea kila mahali. Lilikuja likiandamana na ndui, baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe. Wakati huo Walutheri wa Leipzig walikuwa na kituo huko Ikutha, kusini mwa Mutomo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na upande wa Makueni Peter Cameron Scott alikuwa ameanzisha kazi ya Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895, akafariki mwaka uliofuata. Injili na njaa kuu, kwa hiyo, zilifika Ukambani karibu pamoja. Mwaka 1961 kulikuja njaa ya Ndeke, iliyopewa jina la ndege zilizodondosha chakula. Na katika miaka ya mwanzo ya 1980 ikaja ile ya Nĩkw'a Ngwete, yaani "nafa hali nimeshika". Watu walikuwa na fedha mkononi, lakini nafaka ya kununua haikuwapo.

Jina hili la mwisho linastahili kutafakariwa na mwanafunzi yeyote wa maana. Linamkanusha yule asemaye kwamba mwenye njaa ni mvivu au mzembe. Mtu amefanya kazi, ameweka akiba, ameshika. Lakini kile ambacho akiba yake ingenunua hakiko sokoni, kwa kuwa upungufu si wake peke yake.

Je, heri ya nne inazungumzia nzaa ya haki au yũa ya haki? Mahubiri ya wokovu, hasa yale yaliyotokana na Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanza Rwanda na Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937, yameielewa zaidi kama nzaa. Mtu binafsi aliguswa na dhambi zake, akaziungama mbele ya wenzake, na mara nyingi akarejesha alichoiba. Huko kurejesha kusidharauliwe. Mtu aliyerudisha jembe la jirani alikuwa ameshaanza kuivuka nzaa yake, kwani jembe lilikuwa haki ya mtu mwingine.

Lakini kuna unyofu wa Nĩkw'a Ngwete. Muumini anaweza kuwa na uadilifu wake mkononi katika nchi ambayo haki haiuzwi popote. Mfikirie mzee wa kanisa aliyekabidhiwa daftari la kuandika majina ya watakaopewa chakula cha msaada. Hali rushwa, hasemi uongo. Hata hivyo anajua kwamba magunia yatakayofika ni machache kuliko majina, kwamba kuna majina yaliyotoka juu ambayo hakuyaandika yeye, na kwamba nyumbani kwake nako sufuria imekauka. Kuliacha jina la mwanawe mwenyewe ni unyofu au ni ukatili? Kuliandika ni haki au ni upendeleo? Swali lililoulizwa mwanzoni mwa makala haya linamkalia mtu huyu kifuani, na mahubiri ya moyo safi peke yake hayamtoshi.

Waliolielewa jambo hili hawakukosekana Ukambani. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Machakos aliyeishi kati ya 1931 na 2020, alikuwa Askofu Mkatoliki wa Nakuru mapigano ya kikabila yalipozuka katika Bonde la Ufa mapema miaka ya 1990. Aliikemea serikali hadharani kwa kushindwa kuwalinda waliokuwa wakichomewa nyumba na kufukuzwa, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa na gharama. Hiyo ndiyo yũa ya haki ikitambuliwa kwa jina lake.

Kiu inayochimba

Kiu nayo ina mafunzo yake katika nchi ya mito ya mchanga. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka siku chache tu baada ya mvua kubwa, halafu uso wake hukauka. Maji hayajaisha, yamejificha mchangani. Wanawake na watoto huchimba visima vya mkono katika kitako cha mto, na kadiri kiangazi kinavyosonga, ndivyo kisima kinavyozidi kwenda chini, hadi mtungi wa lita 20 kujazwa kwa kata ni kazi ya saa nzima. Kiu ya hapa haikai kitako ikingoja. Ni kiu yenye jembe.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 shirika la SASOL, kwa kushirikiana na wanavijiji, limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui: kuta za mawe na saruji zinazokinga mto ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji. Kazi yenyewe imefanywa kwa desturi ya mwethya, yaani kusaidiana kwa zamu. Ukuta mmoja ukikamilika, anakunywa aliyebeba mawe na asiyebeba.

Mchanga huohuo una bei Nairobi. Kila lori linaloondoka limebeba sehemu ya kisima cha mtu. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ikapiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kwenda nje ya kaunti mwaka 2018. Sheria ilikuwa na hoja yenye nguvu. Lakini baba aliyekuwa akilipa karo kwa gunia la makaa aliiona kwa jicho jingine, na ni vigumu kumlaumu. Huyu naye ni Mkristo wa Jumapili kama yule anayeteka maji. Haki wanayoionea kiu wote wawili haiwezi kugawanywa hivi kwamba mmoja akate kiu kwa kukausha kisima cha mwenzake.

Wakati ujao na mbegu

Heri ya nne inaahidi shibe kwa wakati ujao. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango karibu na mji wa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, aliuchunguza wakati huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliyatwaa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, ili kueleza kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Na katika utafiti wake kuhusu Wakamba, uliochapishwa mwaka 1971, alionyesha jinsi mafundisho ya wamisionari juu ya mbingu na karamu yalivyopokewa kama habari za vitu vya kushikika vilivyo karibu kufika.

Wengi wamempinga, na Kiswahili chenyewe kinampinga kidogo: lugha iliyo na kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo haiwezi kuambiwa kwamba haitazami mbele. Lakini uchunguzi wake kuhusu ahadi za kushikika una uzito. Hata kitenzi cha Kigiriki kinachotafsiriwa "kushibishwa" kina asili katika neno la majani, na kilitumika kwa mifugo iliyolishwa ikatosheka. Mfugaji wa Mutomo anayewaona mbuzi wake wakirudi jioni matumbo yamejaa hahitaji kuelezwa zaidi.

Mkulima naye anaujua wakati ujao kwa mbegu. Ndani ya nyumba yenye njaa hukaa kibuyu cha mtama au kunde ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mama wa nyumba hukihesabu, huangalia watoto, kisha hukirudisha darini. Kila jioni ya kiangazi anaamua upya. Njaa yake haijapungua kwa sababu ya mbegu hiyo, wala mbegu haijasahaulika kwa sababu ya njaa. Oktoba ikifika, mawingu yakijikusanya upande wa mashariki, ndicho kibuyu kinachoshushwa kwanza.