Selimundu Isimwage Mtu Unga

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndugu msomaji, methali hii yawahusu sana wafanyakazi wenye selimundu, au siko seli kama tunavyoiita mtaani. Leo waonekana wazima, kesho hawawezi hata kuinuka. Basi watu husema, "Ni uvivu tu huo!"

Uvivu? Hata! Selimundu ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembechembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hugeuka umbo la mundu. Hukwama katika mishipa midogo, damu ikashindwa kupita, na mifupa, mgongo au kifua kikauma vibaya mno. Isitoshe, chembechembe za kawaida huishi yapata siku 120, lakini hizi za mundu hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu na kuchoka upesi. Hapa Kenya ugonjwa huu umeenea hasa kandokando ya Ziwa Viktoria na huko Pwani.

Je, mtu kama huyu aache kazi? La hasha! Mjomba wangu ni fundi cherehani. Kibarua chake cha kwanza kiliota nyasi kwa kuwa mwenye duka alimwona mtegaji. Tajiri wake wa sasa alimwuliza jambo moja tu: "Maumivu yako huletwa na nini?" Mjomba akamweleza: baridi, kiu, uchovu, na maradhi kama malaria. Basi cherehani yake ikaondolewa mlangoni penye upepo, chupa ya maji ikawekwa kando, na akaruhusiwa kupumzika kidogo achokapo. Siku za kulala kitandani hazikwisha, lakini zimepungua.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Ni chache, naam, lakini ni haki yake, si hisani.

Wanachama wenzangu, kesho sisi ndio matajiri na mameneja. Tukimwona mwenzetu kajikunja kwa maumivu, tusimwite mvivu. Tumwulize lile swali aliloulizwa mjomba, kisha tusikilize jibu.