Baiskeli za Gia si Dawa ya Vilima Vyetu

Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi wa Migori au Homa Bay hataepukana na adha ya vilima mpaka apate baiskeli ya gia nyingi, mfano wa zile za mashindano. Mimi siafikiani nao, ingawa hesabu iko upande wao.

Anayetoka mjini Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, akapitia Rodi Kopany hadi Rongo, hupanda zaidi ya mita 200. Mwenye ndiga nyeusi, ile tuiitayo Black Mamba, ana gia moja tu. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 18. Kila azungushapo pedali mara moja, husonga mita 5.4 hivi. Mwenzake wa baiskeli ya gia, akiweka meno 34 mbele na 28 nyuma, husonga mita 2.6 tu. Basi huyu hukanyaga kwa kani isiyofika nusu ya ile ya mwenzake, ila hana budi kuzungusha zaidi ya mara mbili. Kazi ya kupandisha mzigo uleule kwenye kilima kilekile haipungui. Mwalimu wa fizikia ataka mfano gani tena?

Iko pia baiskeli ambayo pedali hazisimami maadamu gurudumu lazunguka. Waipendao hudai kwamba mwendo wa gurudumu huuvusha mguu pale pedali ifikapo juu kabisa. Huenda ikawa. Lakini katika kuteremka kuelekea ziwani, miguu italifuata gurudumu itake isitake, na kwa aliyebeba gunia la mahindi hilo si jambo la mzaha.

Hata katika Tour de France, vibadilishi vya gia vilikatazwa hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mwendeshaji alishuka chini ya mlima, akageuza gurudumu la nyuma lililokuwa na meno tofauti kila upande.

Hapo ndipo ninapoiona dawa yetu. Meno 18 ya nyuma yakibadilishwa yakawa 22, kila mzunguko utakuwa wa mita 4.4, na kani itapungua kwa asilimia 18 hivi. Kwenye tambarare mwendo utapungua, nakubali. Lakini anayewahi kengele ya asubuhi hachoshwi na tambarare. Kazi yenyewe humalizwa na fundi yeyote chini ya mti, pengine kwa kuongeza pingili moja au mbili za mnyororo. Kibadilishi cha gia, kwa upande wake, kina waya, springi na mnyororo mwembamba usiopatana na matope ya masika. Kikipinda mbali na mji, mwanafunzi atabaki kuisukuma baiskeli hiyo ya fahari hata penye mteremko.

Wanaochangia shule baiskeli wangeanza kwa kumuuliza fundi wa soko la karibu ni vipuri gani alivyo navyo.