Nafasi ya Kwanza Haiuzwi

Mpwa wangu, mama wa watoto watatu anayeshona kanzu na mabaibui nyumbani kwake Tanga, alinipigia simu usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Alitaka ushauri kabla ya kuvunja kibubu. Kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mtaalamu wa mitandao alikuwa amemwahidi kwamba, kwa shilingi laki nne, tovuti yake ndogo ingetokea ya kwanza kwenye Google ndani ya siku saba. “Mjomba, amesema nusu nimtumie leo, nusu nikishajiona juu,” aliniambia. Fedha hizo ndizo alizokuwa ameziweka akiba kwa ajili ya kununulia vitambaa vya msimu wa Idi.

Nilimwomba asitume kitu mpaka tukutane. Kwa kuwa najua familia nyingi za wasomaji wetu siku hizi zinaishi kwa biashara za aina hii, za mapishi, udi, ushonaji na nyumba za wageni, nimeona niyaandike hapa niliyomweleza.

Google haikai ikisubiri mtu aulize ndipo ianze kuzunguka dunia kutafuta jibu. Programu zake hupita mchana na usiku zikisoma kurasa, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine (viungo vya mtandaoni, si vya pilau), na kuyaweka yaliyosomwa katika faharasa kubwa mno. Mtu anapoandika “kanzu ya mtoto Tanga”, jibu hutolewa katika faharasa hiyo. Basi la kwanza ni kusomeka. Tovuti ya mpwa wangu ilikuwa picha tupu: jina la duka, bei na namba ya simu vyote vilikuwa vimechorwa ndani ya picha, na kichwa cha ukurasa kilisema neno moja tu, “Nyumbani”. Mtambo ungejuaje kwamba hapo pana kanzu?

La pili ni kuaminika, na hapo ndipo wauza ahadi wanapoingilia. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walianza mradi uliokuja kuzaa kampuni ya Google mwaka 1998. Wazo lao walilichukua katika desturi ya wanazuoni: kitabu kinachotajwa na vitabu vingi huhesabiwa kuwa na uzito. Wakasema kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama ushahidi, na ushahidi haulingani. Shahidi mwenye kujulikana na kutegemewa hana uzito mmoja na mpita njia. Leo Google hutazama mambo mengi zaidi ya hayo, lakini ushahidi wa wengine ungali na nafasi yake.

Palipo na ushahidi hapakosi ushahidi wa zuri. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua habari ya J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Kwa miezi kadhaa, ikiwamo ile ya manunuzi ya mwisho wa mwaka, kampuni hiyo ilikuwa ikitokea ya kwanza kwa maneno mengi ajabu: magauni, matandiko, mazulia, masanduku ya safari. Mtaalamu aliyeombwa na gazeti kuchunguza alikuta zaidi ya kurasa 2,000 zilizokuwa na viungo vya kuelekea kwenye duka hilo, nyingi zikiwa katika tovuti zisizohusiana nalo hata kidogo, za madaktari wa meno, za uvuvi, za mbwa. Google ilipoonyeshwa ikachukua hatua, na kwa utafutaji mmoja wa masanduku kampuni ikaporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 katika muda wa saa mbili hivi. Kampuni ilisema haikuidhinisha mbinu hizo, ikaachana na washauri wake. Hasara, hata hivyo, haikumwangukia mshauri peke yake.

Miaka mitano kabla, Februari 2006, yalikuwa yamewakuta BMW wa Ujerumani. Tovuti yao ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno ya magari yaliyotumika, yakirudiwarudiwa ili mtambo uyasome, huku mgeni wa kibinadamu akihamishwa papo hapo kwenye ukurasa mwingine. Google iliiondoa tovuti hiyo kabisa, ikairudisha siku chache baadaye kurasa hizo zilipofutwa. Nilimwambia mpwa wangu aliangalie jambo hili kwa makini. BMW hurudishwa upesi, kwani ulimwengu mzima huitafuta kwa jina. Fundi cherehani wa Tanga akiondolewa, nani atagundua?

Kwa hiyo nafasi katika matokeo ya kawaida haiuzwi, si na Google wala na kijana yeyote. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna awezaye kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba kazi njema ya aina hii mara nyingi huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja ndipo matunda yaonekane. Kinachouzwa ni tangazo, nalo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa limelipiwa, na likiisha fedha hutoweka. Si vibaya kulipia tangazo, mradi ujue umenunua nini. Kadhalika ile hila ya zamani ya kuficha orodha ndefu ya maneno muhimu ndani ya ukurasa: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo, lakini bado kuna wanaotozwa fedha kwa ajili yake.

Tulikaa siku mbili kuitengeneza tovuti. Kichwa cha ukurasa kikawa “Kanzu na mabaibui ya kushonesha, Tanga”. Kila vazi likapata ukurasa wake wenye maandishi halisi: aina ya kitambaa, darizi ya shingoni, vipimo, bei, siku za kusubiri. Nilimtaka aandike kwa maneno ambayo wateja wake humwambia kwenye simu, si ya matangazo. Wateja husema “baibui la mtoto wa miaka saba”, naye alikuwa ameandika “mavazi ya stara yenye ubora wa kimataifa”. Kurasa za Kiswahili zinazojibu maswali kama hayo bado ni chache, na nadhani hiyo ni fursa ambayo wengi wetu tunaipita.

Picha tulizipunguza uzito, maana wateja wake wengi huingia kwa simu na kwa bando la kupima, na tangu Aprili 2015 Google imekuwa ikiutazama urahisi wa kusomeka kwenye simu. Duka lilisajiliwa kwenye ramani ya Google, jambo lisilo na malipo. Madrasa anayoishonea sare ina tovuti yake, ikakubali kumtaja na kuweka kiungo, kwa sababu ni kweli anawashonea. Wateja waliowahi kuridhika aliwaomba waandike maoni yao wenyewe. Dada yake alijitolea kumwandikia kumi kwa majina ya kubuni, tukamshukuru na kumkataza.

Jambo moja lilinitia hofu kuliko yote. Tulipokagua, tuliona jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza mwanzo, si la mpwa wangu. Ilituchukua wiki tatu za kubembeleza kulihamisha. Angalia lako leo.

Vitambaa vya Idi vilinunuliwa. Mwezi wa tano baada ya hapo, nilipotafuta kanzu za watoto mjini Tanga, duka lake lilikuwa la nne. Yule kijana bado humtumia ujumbe. Bei sasa imeshuka hadi laki mbili.